Mkono Unaongoja Ulimi: Uchambuzi wa Kisa cha Mpiga Drams Aliyeimba Mwenyewe Malindi

Kisa hiki kilitokea Malindi, katika msimu wa kaskazi, kwenye karamu ya arusi iliyoandaliwa katika bustani moja karibu na ufuo, upande ule ambao ukitembea kidogo unaiona Nguzo ya Vasco da Gama. Nilikuwa fundi wa mitambo ya sauti, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka mingi katika arusi, mikutano na kumbi za hoteli, na kwa sababu hiyo nilikaa mahali ambapo mgeni wa karamu hakai: nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti, hedifoni masikioni, nikisikia kila chombo peke yake kabla hakijachanganyika na vingine. Bendi ilikuwa ya watu watano. Wawili walipiga magitaa, mmoja besi, mmoja kinanda, na wa tano, kijana mwembamba aliyeketi nyuma ya drams, ndiye aliyekuwa mwimbaji mkuu. Wenzake waliitikia tu.

Tatizo la kwanza la mpiga drams anayeimba humwangukia fundi kabla halijamfikia msanii. Kipaza sauti hakijui kwamba kimewekwa kwa ajili ya mdomo, na matoazi yaliyo hatua moja tu kutoka kidevuni yana makali yanayoishinda sauti ya binadamu. Nilichagua kipaza sauti kinachosikia mbele kuliko nyuma, nikakileta kwa mkono wa chuma kutoka kushoto kwa mpigaji, juu ya yale matoazi pacha yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu, ili kiyape mgongo. Kisha nikamwomba kijana akikaribie mpaka midomo ikaribie kukigusa, kwa kuwa mahali pa wazi, umbali ukizidi maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, na pengo hilo hujazwa mara moja na matoazi. Kwa ajili ya upepo nilikivisha sifongo. Kabla ya onyesho kuanza mpiga besi, aliyesimama upande huohuo wa kushoto, alinijia akaniomba niusogeze ule mkono wa chuma kwa sababu unamziba. Nilimwuliza unamziba nini. Akajibu, «Unaniziba tu, fundi.» Nilikuwa na haraka, nyaya za kinanda zilikuwa zikivuma, nami sikuusogeza.

Walianza kwa rumba mbili za mwendo wa pole, ambazo watu walizisikiliza huku wakila. Wimbo wa tatu ulikuwa wa mwendo wa chakacha, ule unaoweza kuhesabiwa kwa sita au kwa mbili kulingana na mguu unaousikiliza, na hapo ndipo sahani zilipowekwa chini. Wageni waligeuza viti, simu zikainuliwa, na wazee wawili waliokuwa wakizungumza tangu magharibi wakanyamaza. Kijana alikuwa akiimba shairi la arusi lenye beti sita huku viungo vyake vinne vikienda kila kimoja na kazi yake. Ulipokwisha alishangiliwa kwa muda mrefu, na sifa iliyorudiwa meza kwa meza ilikuwa moja: anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

Mpwa wangu, ambaye naye ni mpiga drams katika bendi ya hoteli na ambaye usiku ule alikuja kunisaidia kubeba spika, hakuungana na washangiliaji. «Mjomba, watu wameshangaa bure,» aliniambia. «Drams zenyewe amezipiga chache. Mimi wimbo ule naupiga mara mbili ya vile alivyoupiga. Tena besi imechelewa kuingia mara mbili, hukusikia?» Nilikuwa nimesikia. Basi nikawa na hukumu mbili mbele yangu, ya wageni waliosema kijana ni wa ajabu kwa sababu anafanya mengi, na ya mpwa wangu aliyesema si wa ajabu kwa sababu amefanya machache. Na kadiri nilivyozipima baadaye ndivyo nilivyoona kwamba wote walikuwa wamehesabu kitu kisichofaa kuhesabiwa.

Nilikuwa nimehifadhi rekodi ya kipaza sauti cha mwimbaji peke yake. Rekodi ya namna hiyo haipendezi kuisikiliza, kwa maana sauti iko mbele kabisa na drams zinasikika kwa mbali kama zinapigwa chumba cha pili, lakini kwa uchambuzi ina faida kubwa: unasikia waziwazi ni silabi gani imekutana na pigo gani. Niliusikiliza wimbo wa tatu usiku mbili mfululizo. Shairi lenyewe lilikuwa la kawaida, mishororo minne kila ubeti, na kila mshororo una ukwapi, yaani nusu ya kwanza, wa mizani (silabi) nane na utao, yaani nusu ya pili, wa mizani nane. Sitalinakili hapa kwa kuwa lina mwenyewe, nitatumia mshororo niliouunda kwa ajili ya mfano: «Bahari imetulia, tanga langu nalitweka.» Msomaji akiuhesabu ataona mizani nane hadi mkato, na nane nyingine baada yake.

Nilichokisikia ni hiki. Kila kijana alipokuwa ndani ya ukwapi, mkono wake wa kulia uliendelea na toazi kwa upole, mguu wa kulia ukashika zito lake, yaani pigo kuu linaloushika mwendo, na mkono wa kushoto karibu haukufanya lolote. Mzani wa nane ulipotoka tu, mahali ambapo katika maandishi tunaweka mkato, mkono wa kushoto uliamka kwa mapigo matatu au manne mepesi, kisha ukalala tena kabla ya utao kuanza. Mwishoni mwa utao, ambapo mwimbaji yeyote huhitaji pumzi ndefu zaidi kwa sababu mshororo mzima unakuja, ndipo alipoyaachia yale mapigo mazito ya kuzunguka ngoma zote ambayo wageni waliyakumbuka waliposema kwamba kijana anapiga kwa nguvu huku anaimba. Rekodi inaonyesha kwamba alikuwa akipiga kwa nguvu huku anavuta pumzi. Katika beti sita nzima, pigo zito lililoangukia katikati ya neno nililihesabu mara moja, nalo lilikuwa katika neno ambalo alitaka lisikike kama kishindo.

Jambo hili si geni katika mwambao wetu. Katika tarabu, fidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, huzungumza zaidi pale mwimbaji anapomaliza mshororo. Na Zein l'Abidin, mzaliwa wa Lamu, aliimba huku udi ukiwa mikononi mwake mwenyewe, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anafanya kiini macho. Kwa kijana wa Malindi wanaopokezana si watu wawili, wala si mtu na nyuzi zake. Ni mdomo na viungo vinne, na viwili kati ya viungo hivyo ni miguu, ambayo haina mazoea ya kuwa na adabu.

Je, basi, hakuna chochote kilichofanyika kwa pamoja? Kipo, na hapa sitaki kumpunja. Mguu wa kulia na mkono wa kulia havikukoma kamwe, lakini hivyo vilikuwa vimezoezwa mpaka vikawa kama mwendo wa mtu anayetembea barabara ya pwani jioni huku anazungumza na rafiki yake, ambaye haambii mguu wake unyanyuke. Cha ajabu hasa kilikuwa katika ubeti wa sita. Mshororo wa mwisho hakuuanza pale zito lilipoangukia. Aliliacha zito lipite, akaingia nyuma yake, akaivuta silabi ya mwisho kasoro moja mpaka ikakaribia kuliingilia zito lililofuata. Wakati huo wote mkono haukuvutwa. Sauti ilikuwa inachelewa kwa makusudi huku toazi likienda bila kuchelewa hata chembe, na mtu aliyekuwa akichelewa na aliyekuwa akiwahi alikuwa mmoja. Niliirudisha sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Wageni hawakuishangilia hasa sehemu hiyo, na mpwa wangu hakuisikia kwa kuwa alikuwa akihesabu mapigo.

Ushahidi wa pili haukutafutwa, ulitokea wenyewe. Baada ya mapumziko mwenye karamu, kwa nia njema kabisa, alimfuata kijana akamwambia, «Mwanangu, toka huko nyuma ya masufuria, watu wakuone.» Kukawa na mgeni mmoja anayejua drams, naye akaketi badala yake. Kijana akaja mbele, akashika kipaza sauti mkononi, akaimba nyimbo mbili. Sauti ilikuwa ileile, mitambo ni ileile, na kipaza sauti sasa kilikuwa mbali na matoazi, kwa hiyo kwa hesabu yangu ya kifundi mambo yalipaswa kuwa mazuri zaidi. Yakawa mabaya. Alivuta pumzi katikati ya utao, jambo ambalo hakulifanya hata mara moja nyuma ya drams. Aliikimbia mishororo. Mkono wake wa kulia, usio na kazi, ulikuwa ukijipiga paja, na mara mbili ulijipiga kabla ya ngoma. Yule mpigaji wa kuazima alipiga vizuri na kwa wingi, naye ndiye aliyempendeza mpwa wangu, lakini alijaza kila mahali, ndani ya ukwapi, juu ya mkato, ndani ya utao, hata sauti ikakosa pa kukaa.

Mtu anaweza kusema kwamba kijana aliona haya mbele za watu, au kwamba alikuwa amechoka, nami sina njia ya kuyakanusha hayo kabisa. Hata hivyo aliporudi kitini kwa wimbo wa mwisho pumzi zilirudi mahali pake kuanzia mshororo wa kwanza, na mtu aliyechoka huzidi kuchoka. Nadhani sababu ni nyepesi zaidi. Kwake pumzi na pigo zilikuwa zimejifunza pamoja. Mkono ulipoenda kwenye ngoma ya chini kifua kilijua kuwa sasa ni wakati wa kujaa. Alipoondolewa ngoma aliondolewa pia saa yake ya kupumua. Tena kuna suala la kiti, ambalo ni dogo lakini halikunipita: alikuwa amekiinua kiti juu kuliko wapigaji wengi wanavyokiweka, mapaja yakashuka kidogo na tumbo likawa wazi, ilhali mpigaji aliyeketi chini akiwa amejikunja hubanwa tumbo lilelile ambalo pumzi ya kuimbia hutokea.

Ombi la mwenye karamu lina historia ndefu huko ambako bendi ni biashara kubwa. Mwimbaji Peter Gabriel alipoondoka katika Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, mwaka 1975, aliyekuwa mpiga drams, Phil Collins, ndiye aliyeishika nafasi ya mwimbaji. Lakini majukwaani waliletwa wapiga drams wengine, Bill Bruford mwaka 1976, na kuanzia 1977 Chester Thompson, ili Collins asimame mbele. Karen Carpenter, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1983, alianza kama mpiga drams, naye pia alivutwa mbele kwa sababu watu walitaka kumwona aliyekuwa na sauti ile. Levon Helm wa bendi iitwayo The Band, aliyefariki mwaka 2012, aliimba akiwa nyuma ya drams zake. Siwataji ili kumlinganisha kijana wetu nao. Nawataja kwa sababu katika habari zao swali ni lilelile la mwenye karamu, yaani kama mwimbaji afuatwe alipo au aletwe mahali macho yalipozoea kumkuta.

Karibu na kwetu swali hilo halikuulizwa sana. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, aliimba nyimbo za unyago huku akiupiga mwenyewe msondo, ile ngoma ndefu, na hakuna aliyemwambia auache msondo ili aonekane. Hilo lilinifanya nimpelekee rekodi bibi mmoja wa mtaa wa Shela hapa Malindi, ambaye katika ujana wake aliwahi kupiga ngoma ya vumi katika chakacha za arusini. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza ubeti mmoja na nusu, akairudisha.

«Huyu alifunzwa kuimba kwanza,» alisema.

«Umejuaje, bibi?»

«Mkono wake una adabu, mwanangu. Huungoja ulimi.»

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu mizani wala mkato, na mimi nilitumia usiku mbili na hedifoni kulifikia lile alilolisikia kwa ubeti mmoja na nusu.

Sehemu ya mwisho ya kisa ni ya mpwa wangu, ambaye maneno ya bibi nilipomfikishia yalimchoma. Alitaka kunionyesha kwamba yeye, mwenye mkono mwepesi kuliko wa kijana, anaweza kuimba wimbo uleule bila kupunguza pigo hata moja. Tulikutana katika karakana yangu. Aliupiga wimbo wote kwa drams kwanza, kikamilifu, na kusema kweli uzuri. Kisha akaongeza maneno juu yake. Matokeo yalikuwa somo la sarufi. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na msikilizaji anautegemea kuliko anavyojua; ndiyo maana neno «barabara» likikazwa kwenye silabi ya tatu huwa ni njia ya kupita, na likikazwa kwenye ya pili huwa ni kusema jambo limekwenda sawasawa. Mpwa wangu kila alipopiga pigo zito ulimi wake uliruka kulipokea, silabi yoyote iliyokuwa mdomoni ikatoka na mkazo. Mshororo wangu wa mfano ungetoka kwake «BAhari imeTUlia». Aliimba kama mgeni aliyejifunza Kiswahili ndani ya ndege, yeye aliyezaliwa mtaa wa Barani hapahapa Malindi na hajawahi kuishi kwingine.

Tulianza upya kwa kuigeuza kazi kichwa chini. Siku mbili hakugusa vijiti. Alilisoma shairi huku akitembea uani, kisha akaliimba huku akitembea, mpaka miguu ikaacha kuyavuta maneno. Siku ya tatu aliketi akaongeza mguu wa kulia peke yake, na baadaye mkono wa kulia. Mkono wa kushoto niliuzuia mpaka mwisho, naye alilalamika sana. «Mjomba, nahisi kama ninalipwa nusu,» alisema. Nilimruhusu auamshe mahali pawili tu, kwenye mkato na mwisho wa utao. Tangu hapo mkazo ulirudi mahali pake bila sisi kuusemea chochote. Mpaka leo ana wimbo huo mmoja. Akijaribu mwingine ulimi unaruka tena.

Kijana mwenyewe hakuwa bila kasoro, na uchambuzi usiozitaja ungekuwa ushangiliaji tu. Mwendo ulimpanda, ubeti wa sita ulikwisha upesi kuliko wa kwanza, na hiyo ni kawaida ya mpigaji ambaye msisimko wa kuimba unamshukia mguuni. Kila alipogeukia ngoma ya chini upande wa kulia mdomo ulikiacha kipaza sauti, na kama kiitikio kilianza mapema silabi mbili za kwanza zilipotelea hewani. Na sauti za kushikilia kwa muda mrefu zilishuka kidogo mwishoni toazi kubwa lilipopigwa karibu na sikio lake, jambo ambalo spika ndogo ya kumsikilizisha, kama ningemwekea karibu zaidi, huenda ningelipunguza. Hiyo ya mwisho ni kasoro yangu.

Ilibaki besi iliyochelewa mara mbili. Mpwa wangu aliihesabu dhidi ya kijana, nami kwa muda nilikubaliana naye, kwa kuwa nilidhani kule kuchelewesha mshororo katika ubeti wa sita ndiko kulikompoteza mwenzake. Nilipoirudia rekodi niliona kwamba besi ilichelewa katika ubeti wa pili na wa nne, ambako sauti haikuwa imecheleweshwa sana. Wiki chache baadaye tulikutana tena katika arusi nyingine, bendi ileile na mitambo ileile, na nilipokuwa nikifunga nyaya nilimwuliza mpiga besi ni kitu gani hasa alichokuwa amezibwa usiku ule.

«Kifua chake,» alisema. «Huyu hahesabiwi kwa mguu, fundi. Akivuta pumzi fupi naingia pamoja naye. Akivuta ndefu, najua atauchelewesha mshororo, namngoja. Ulipoweka lile chuma nikawa nabahatisha. Kufikia ubeti wa sita nilikuwa nimeshasogea mwenyewe.»

Niliulegeza ule mkono wa chuma, nikauzungusha ukapita juu ya bega la kijana badala ya mbele ya kifua, nikarudi mahali pa mpiga besi kuhakikisha kwamba naona.